Ngano ya Disemba: Familia Moja Mjini Marseille Kabla ya Krismasi

(Mazungumzo niliyoyatoa Muheza, mkoani Tanga, mwezi wa Agosti, mbele ya wazazi na vijana. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, na nyie vijana mliosimama pale mlangoni ili mpate pa kutorokea, habari za jioni.

Najua huu ni mwezi wa nane. Machungwa yamerundikwa kando ya barabara yanasubiri malori, halafu anakuja mtu kutoka Ulaya anaanza kuzungumza habari za Krismasi. Nivumilieni. Nimeombwa nieleze tunaishije kule, na kila nikianza kueleza, hata nikianzia Februari, najikuta nimefika Disemba. Nadhani ni kwa sababu Disemba ndiyo mwezi nilioanza kuishi kule. Nilikuwa nimeshakaa miaka miwili, lakini kukaa na kuishi ni mambo mawili.

Wengi mmeniuliza kuhusu theluji. Sina theluji ya kuwapa. Marseille ni mji wa pwani, kusini kabisa mwa Ufaransa, mji wa bandari na wavuvi kama Tanga, ila una watu zaidi ya laki nane. Watoto wangu wanachora theluji shuleni kila mwaka na hawajawahi kuikanyaga. Tulicho nacho ni upepo. Unaitwa mistral. Unatoka kaskazini, unashuka na bonde la mto Rhône mpaka baharini, na ukivuma mwanamke mzima unashika nguzo ya taa. Hapa kwetu mwezi huohuo unavuma kaskazi, nao unatoka kaskazini, lakini unatuletea joto na zamani ulikuwa unatuletea majahazi. Ule wa kwao unaleta mafua.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Naingia asubuhi, namwogesha mtu, nampa dawa, napika, nafua, nakwenda kwa mwingine. Mwaka wangu wa tatu nilikuwa nakwenda kwa bibi mmoja aliyekuwa na umri wa miaka themanini na kitu, anaishi ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Mkali. Miezi mitano alikuwa ananiita "wewe". Basi tarehe 4 Disemba nimeingia, nimevua koti, kabla sijaosha mikono akanisukumia visahani vitatu, pamba ya hospitali na kipakiti cha ngano. Akasema: panda.

Tarehe 4 Disemba ni sikukuu ya Mtakatifu Barbara. Katika eneo lote lile la Provence, watu wa dini na wasio na dini hupanda ngano siku hiyo. Unatandika pamba kwenye kisahani, unailowesha, unamwaga punje juu yake, unaweka dirishani. Visahani ni vitatu, kwa ajili ya Utatu Mtakatifu. Ikifika Krismasi ngano imesimama kijani, urefu wa kidole au zaidi. Unaifunga utepe mwekundu katikati isianguke, unaiweka mezani. Wana msemo wao, kwa lugha yao ya zamani ya Provence, kwamba ngano ikiota vizuri, mwaka nao utakwenda vizuri. Vipakiti vya punje vinauzwa mpaka kwenye maduka ya mikate, na vingi hela yake inakwenda kusaidia watoto wagonjwa.

Nilivyopanda, bibi akaniangalia mikono, akasema, "Kumbe umeshalima." Nikamwambia mimi ni Mbondei wa Muheza, nimezaliwa shambani. Siku hiyo akaniuliza jina langu.

Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu nililipata mwaka wa tatu, tena lilikuwa kisahani.

Nikapeleka ngano nyumbani. Binti yangu alikuwa mdogo, akaipenda mno. Mdogo wake alipozaliwa na kupata akili, akaipenda kupita kiasi: mwaka mmoja aliimwagilia asubuhi, mchana na usiku, akaigeuza jaruba la mpunga. Tarehe 12 imeshaota ukungu, inanuka. Akalia kweli, si kwa sababu ya ngano, bali kwa sababu dada yake alimwambia mwaka wetu umeshaharibika. Ikabidi nimpigie yule bibi simu. Akacheka, akasema weka dengu, dengu zina haraka, na Mungu hataangalia tofauti. Tukaweka dengu. Zikaota. Mwaka ule ulikuwa mwaka wa kawaida tu, na mabaya yake na mazuri yake.

Sasa niwape siku moja ya Disemba ilivyo, maana mnaziona picha za taa na mapambo mnafikiri tunashinda barabarani tunatembea.

Jua linatoka karibu saa mbili asubuhi. Kwa hiyo watoto wanaamka gizani, wanavaa gizani, na kitu pekee kinachowatoa kitandani ni kile kikasha cha Majilio. Ni boksi la karatasi lenye vidirisha 24, kila siku unafungua kimoja, ndani mna kipande cha chokoleti. Dada anafungua cha leo. Mdogo anafungua cha leo na cha kesho, halafu anakirudishia kidirisha kama hakuna kilichotokea. Kila mwaka tarehe 20 kikasha chake kimebaki hewa. Saa mbili na nusu wako shuleni, mimi niko kwenye metro. Saa kumi na nusu jioni wanatoka, tunapita dukani, wanakula mkate na kipande cha chokoleti njiani, na kabla hatujafika nyumbani jua limeshazama. Nyumbani ni homuweki, kuoga, chakula, na kugombania nani akae karibu na hita. Mwaka mmoja hita iliharibika mwezi wa kumi na moja. Mwenye nyumba akasema fundi anakuja. Fundi alikuja Machi. Tulilala wanne kitanda kimoja, watoto mpaka leo wanakumbuka ule kama msimu mzuri kuliko yote.

Shuleni kwao kuna mti wa Krismasi, kuna nyimbo za majira ya baridi, wazazi wanaoka keki na kuziuza ili darasa lipate hela ya safari. Lakini neno Yesu hulisikii likihubiriwa. Ufaransa ina sheria ya tangu tarehe 9 Disemba 1905 iliyotenganisha dini na serikali, na shule ya serikali hairuhusiwi kufundisha mtoto dini yoyote. Mwanzoni ilinichoma. Mimi nimekulia hapa, shule na kanisa vilikuwa ua mmoja. Nilijiuliza wanasherehekea kuzaliwa kwa nani. Baadaye nikaona darasa la binti yangu: watoto 25, nusu ni Waislamu, kuna Waarmenia, kuna watoto ambao kwao haitajwi dini yoyote, na wote wanakata nyota za karatasi pamoja bila mmoja kuonekana mgeni. Sijasema nimekubali yote. Nasema nimeona.

Kuna jambo moja la kwao lililonishangaza, nalo ni posta. Tangu mwaka 1962 posta ya Ufaransa ina ofisi ya kumjibia Baba Krismasi barua zake. Siku hizi iko Libourne, karibu na Bordeaux. Mtoto anaandika, anatumbukiza sandukuni hata bila stempu, na akiweka anwani yake anajibiwa. Mwanangu aliandika akiwa na miaka sita. Hakuomba baiskeli. Aliomba bibi yake wa Muheza aletwe, akachora na ndege. Jibu likaja, kadi nzuri yenye rangi, imepigwa chapa, inamwambia awe mtoto mwema. Kuhusu bibi hakuna neno. Akaniuliza, "Mama, au hajui Muheza iko wapi?" Mama yangu yuko hapa mbele, habari hii anaisikia leo kwa mara ya kwanza. Shikamoo mama.

Tuzungumze hela, maana vijana ndicho mnachokisubiri. Disemba kule inakula. Umeme unapanda kwa sababu ya hita, watoto wanataka viatu, kila darasa linataka mchango, na ukienda dukani kila kitu kimefungwa utepe ili kiuzwe ghali. Wapo wanaoishi kwa posho ya serikali kwa sababu hawana kazi, na hao katikati ya Disemba hupewa hela ya Krismasi. Mtu anayeishi peke yake hupata euro 152 na senti 45. Niliuliza hizo senti 45 zimetoka wapi. Zimetoka kwenye faranga 1,000 za zamani, ndivyo zinavyotoka ukizibadili kuwa euro. Na hizo faranga hazikudondoka mbinguni. Majira ya baridi ya 1997 kuingia 1998 watu wasio na kazi waliandamana na kuvamia ofisi za serikali wakidai hela ya sikukuu, na Marseille ilikuwa mstari wa mbele. Walidai faranga 3,000, wakapewa 1,000, na tangu hapo inalipwa kila mwaka. Kwa hiyo ukisikia Ulaya serikali inagawa hela za Krismasi, jua kuna watu walilala kwenye sakafu za ofisi kwa ajili yake.

Sokoni kwangu ni Noailles. Ni katikati ya mji, unashuka kidogo tu unafika bandari ya zamani. Ukiingia Noailles pua inakuambia umefika nyumbani: samaki wabichi, binzari, nyanya zilizoiva kupita kiasi, mihogo, ndizi mbichi, watu wanaita wateja kwa Kiarabu na kwa Kifaransa. Na Wakomoro. Marseille ina Wakomoro makumi ya maelfu. Wa kwanza kwanza wengi wao walikuwa mabaharia kwenye meli za Wafaransa. Siku ya kwanza nilipomsikia mama mmoja akimkaripia mtoto wake amwagilie maji, neno lake ni "madji", nilisimama kama niliyepigwa na butwaa. Mtoto wao akimsalimia mkubwa anasema "kwezi", anajibiwa "mbona". Mimi nikasalimiwa hivyo, nikajibu "marahaba", wakacheka, tukawa ndugu. Jirani yangu wa mlango kwa mlango ni Mkomoro wa Ngazija. Ni Mwislamu safi, na kila Krismasi ni yeye anayenisaidia kukanda, kwa sababu ana mikono kuliko mimi. Idd mimi ndiye ninayekwenda kwake kumenya vitunguu. Hatujawahi kukaa kikao kulijadili hilo.

Noailles pia ndiyo mahali ambapo tarehe 5 Novemba 2018, asubuhi, majengo mawili ya mtaa wa rue d'Aubagne yaliporomoka. Watu wanane walikufa. Majengo yale yalikuwa machakavu, na wakazi walikuwa wameshalalamika. Baada ya hapo mji mzima uliingia hofu, nyumba zilizo na nyufa zikafungwa, watu kwa mamia, halafu kwa maelfu, wakahamishiwa hotelini na mabegi yao. Krismasi ile ilikuwa ya ajabu. Taa ziliwashwa, lakini kila mtu akiingia nyumbani anaangalia kuta. Rafiki wa binti yangu alikuwa hotelini na wazazi wake, chumba kimoja, hakuna jiko, hairuhusiwi hata birika. Wakawa wanakula kwetu Jumatano na Jumapili. Tarehe 4 Disemba yule mtoto alipanda ngano yake kwenye kifuniko cha chupa ya maziwa, akaiweka kwenye dirisha la choo cha hoteli. Mfanyakazi wa usafi aliitupa akidhani ni uchafu. Tulimgawia ya kwetu. Ndiyo maana mwaka ule tulikuwa na visahani viwili, na mtu asiniambie kuhusu Utatu.

Sasa santoni. Hapa nitachelewa kidogo, mwenyekiti anisamehe.

Santoni ni sanamu ndogo za udongo, nyingi hazizidi urefu wa kidole, zimepakwa rangi. Jina lake maana yake ni mtakatifu mdogo. Zinapangwa nyumbani kuonyesha zizi la Bethlehemu. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa makanisa yalifungwa, watu hawakuweza tena kwenda kulitazama zizi kanisani, basi wakaanza kujitengenezea la kwao majumbani. Fundi mmoja wa Marseille, Jean-Louis Lagnel, aliyefariki mwaka 1822, akatumia vibao vya kufyatulia sanamu za udongo kama tunavyofyatua matofali, zikawa rahisi, hata maskini akaweza kununua. Soko la santoni la Marseille limekuwapo tangu 1803. Mpaka leo kuanzia Novemba tunakwenda kule karibu na bandari, Jumapili mchana, watoto wameshika mifuko ya njugu za kuchoma.

Kilichonifurahisha ni nani waliomo. Yesu yumo, Mariamu na Yusufu wamo. Lakini wanaokwenda kumwona ni watu wa mtaani: mama muuza samaki na kapu lake, msaga unga, mnoa visu, mchungaji, meya, kipofu anayeshikwa mkono na mwanawe, mpiga ngoma, na mlevi mmoja. Hawakuvaa nguo za Mashariki, wamevaa nguo za kijiji cha Provence. Na yupo mmoja anayeitwa ravi: ameinua mikono miwili juu, mdomo wazi, hana zawadi yoyote aliyobeba. Watu wanamwita mjinga wa kijiji. Mwanangu alimchagua huyo kwanza. Bei ya kidude kimoja cha udongo inaweza kufika bei ya kilo ya nyama, kwa hiyo sisi tunanunua mmoja kwa mwaka, na mjadala wa nani anunuliwe unaanza Oktoba. Mume wangu alitaka mlevi. Alishindwa kura.

Hori linakaa tupu mpaka usiku wa manane tarehe 24, ndipo mtoto Yesu anawekwa. Mamajusi wanaanzia mbali, kwetu wanaanzia juu ya friji, wanasogezwa kidogo kidogo mpaka wafike Januari 6. Nilipokuwa mdogo hapa, baba alituambia Mamajusi walitembea sana. Sikuwahi kuelewa mpaka nilipowaona wakivuka jiko langu.

Halafu mkesha wenyewe. Kwa desturi ya zamani chakula cha usiku ule hakina nyama: samaki, mboga, na mkate. Meza inatandikwa vitambaa vitatu vyeupe, mishumaa mitatu, na sahani moja ya ziada kwa maskini atakayebisha hodi. Wakimaliza kula hawasafishi meza. Makombo yanaachwa usiku ule kwa ajili ya roho za waliotangulia. Wazee wangu naona mnatazamana. Ndiyo. Wazungu. Mimi nilipoambiwa na yule bibi nilimwambia kwetu babu yangu angekuelewa vizuri sana, ila padri asingefurahi. Akasema hata wa kwake hakufurahi.

Baada ya hapo ndiyo vinakuja vitamutamu 13, idadi ya Yesu na mitume wake. Desturi ni ya kale, ingawa hiyo idadi 13 yenyewe ilianza kuandikwa miaka ya 1920 tu, na kila nyumba ina orodha yake na iko tayari kugombana. Kuna tini kavu, zabibu kavu, lozi na jozi, hivi vinne vinasimamia mashirika ya watawa waliokuwa wakiishi kwa kuomba sadaka. Kuna kitu kama kashata cha asali na lozi, cheupe na cheusi. Kuna mkate wa mafuta ya zeituni, na huo haukatwi kwa kisu, unamegwa kwa mkono, ukiukata unakaribisha ufukara mwaka unaokuja. Kuna tende. Na kuna machungwa au machenza.

Mwaka mmoja mwalimu alituma karatasi, kila mtoto alete kimoja kati ya 13. Sisi tukaangukiwa na machenza. Nikaenda sokoni, machenza ya Corsica, yana majani yake bado, nikaangalia bei, nikapiga hesabu kwa shilingi, nikakaa kitako juu ya kreti. Mimi! Mtoto wa Muheza! Niliyewahi kurushiana machungwa na kaka zangu kama mawe! Muuzaji akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimekumbuka kwetu. Akaniongezea matatu.

Jirani yangu wa Kikomoro mtoto wake aliangukiwa na tende. Yeye alicheka mpaka akashika ukuta: "Kwa hiyo wametusubiri sisi!" Akapeleka tende sanduku zima, za kubaki. Siku ile shuleni alikaa mlangoni mwa darasa anawagawia wazazi, mmoja mmoja, kwa mkono wa kulia, kama mwenye shughuli.

Yule bibi amefariki. Alifariki mwezi wa Oktoba, kabla ya ngano. Binti yake alikuja kufungua nyumba, akaniita nichukue nitakacho. Nilichukua visahani vitatu, kimoja kina ufa. Ndivyo hivi hapa mezani.

Ngano ya kule sikuibeba, uwanja wa ndege wanakagua mbegu. Jana usiku mama yangu alinipa choroko za jikoni, nimezitandika kwenye pamba kama kawaida. Kwa joto hili la hapa hazikungoja Krismasi, zimeshatoa vimea tangu saa nane mchana. Watoto njooni mbele mtazame, taratibu, msisukumane. Kile chenye ufa msikiinue.